Habari za nchi zina tarehe zake: ushauri kwa mwanachuo wa Malindi

Mvuvi wa Malindi haamki kila saa ya usiku kwenda kutazama kama maji yamekupwa. Anahesabu mwezi, anajua bamvua ni lini na maji mafu ni lini, kisha analala usingizi wake. Mwanachuo wa siku hizi hufanya kinyume. Simu haimtoki mkononi tangu alfajiri, anajua mheshimiwa gani kamjibu mwenzake na kwa maneno yapi, lakini tarehe 15 nauli ya tuktuk ikipanda anababaika kama mgeni aliyeshuka stendi jana. Habari zote alikuwa nazo, isipokuwa ile iliyomhusu.

Mambo ya serikali yanayomfikia mwanafunzi mfukoni mengi hayaji kwa kushtukiza. Yana siku zake na yana karatasi zake, na karatasi hizo husomwa bure. Makala haya ni ya mtu anayekaa chumba cha kupanga, iwe Barani, Maweni, Kisumu Ndogo au Muyeye, anayejipikia mwenyewe na kuishi kwa pesa zinazokuja kwa kusuasua.

Tarehe 14, jioni

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, hutangaza bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Bei hiyo huanza usiku wa kuamkia 15 na hudumu hadi 14 ya mwezi unaofuata. Vituo vya televisheni husoma bei ya Nairobi, na wengi huishia hapo. Wewe fungua jedwali lenyewe, kwa sababu limepangwa mji kwa mji na Malindi ina mstari wake. Mombasa huwa chini kuliko kwingine kwa kuwa mafuta hushukia pale bandarini. Kila kilomita ya barabara huongeza kitu.

Soma bidhaa zote tatu, maana kila moja hukufikia kwa njia yake. Petroli ni tuktuk na bodaboda. Dizeli ni matatu ya Mombasa na malori yanayoleta viazi, vitunguu na kabichi kutoka bara, kwa hiyo dizeli ikipanda leo, sokoni utaiona baada ya siku kadhaa, mzigo mpya ukishaingia. Kama unataka kununua kilo mbili tatu za vitunguu vya kuweka, nunua kabla ya mzigo huo. Mafuta ya taa ni ya anayepikia stovu.

Na ujue kupiga hesabu, usije ukabeba lawama isiyo ya petroli ukaitwika petroli. Chukua tuktuk inayokunywa lita 6 kwa siku. Petroli ikipanda shilingi 10, dereva ameongezewa gharama ya shilingi 60 kwa siku nzima. Akibeba abiria 50, ni shilingi moja na senti 20 kwa kila kichwa. Nauli ikiruka shilingi 20 siku hiyo hiyo, hapo pana jambo jingine: hesabu anayotaka mwenye chombo, vipuri, mvua, au tamaa tu. Sisemi ugombane na dereva, naye ana watoto. Lakini ukiwa na hesabu hiyo kichwani mnaweza kuzungumza, na wenzako wanne mkipatana naye kwa safari ya kila siku ya chuo, mara nyingi hukubali bei ya mwezi.

Tokeni, na kwa nini jirani yako anapata uniti nyingi

Hapa ndipo wanafunzi wanapovuja pesa bila kujua, kwa hiyo tukae kidogo.

Shilingi 200 za mwezi uliopita na shilingi 200 za mwezi huu hazileti uniti sawa. Bei ya msingi huweza kukaa muda mrefu, ila juu yake kuna tozo ya mafuta ya kuzalisha umeme na tozo ya kupanda na kushuka kwa thamani ya shilingi. Hizo hubadilika kila mwezi na huchapishwa katika Gazeti rasmi la serikali. Ukisikia habari kwamba shilingi imeshuka mbele ya dola, ujue itakutembelea kwenye mita.

La pili ni madaraja. Tangu Aprili 2023 nyumba zimegawanywa mafungu matatu: wanaotumia wastani wa uniti 30 au pungufu kwa mwezi, wa 31 hadi 100, na wanaopita 100. Wastani hupigwa kwa miezi mitatu. Fungu la chini hulipa bei ndogo zaidi kwa kila uniti. Je, mwanafunzi anaweza kuishi kwa uniti 30? Tuhesabu. Feni la meza la wati 50, saa 10 kwa siku, ni nusu uniti, sawa na uniti 15 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9 kwa saa 6 haifiki uniti 2 mwezi mzima. Kompyuta ya mapajani ya wati 50, saa 4 kwa siku, ni uniti 6. Simu haifiki hata moja. Pasi ya nusu saa kila wiki ni kama 2. Jumla yake ni kati ya 25 na 26. Umetosha, tena na upepo wa feni la Machi.

Kinachoharibu hesabu ni joto. Jiko la umeme la wati 1,000, saa moja kwa siku, ni uniti 30 peke yake. Koili ya kuchemshia maji ni ile ile tabia: lita moja hula karibu sehemu moja ya kumi ya uniti, na ukichemsha lita mbili kila siku umeongeza uniti 6 au 7, yaani umevuka mpaka. Miezi mitatu ya namna hiyo na mita inakuhamisha fungu. Kupunguza baadaye hakurudishi fungu siku hiyo hiyo. Lazima wastani ushuke kwanza.

Sasa shida ya nyumba zetu za Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, mita moja mlangoni. Kila chumba kikitumia uniti 25, mita inaona uniti 150 na kuwaweka nyote fungu la juu kabisa. Yule binti wa chumba cha mwisho mwenye balbu na simu analipa kila uniti kwa bei ya mtu mwenye friji. Hili si kosa la mwenye nyumba wala la jirani. Ndivyo mita inavyohesabu. Kabla ya kutoa arubuni ya chumba uliza mambo matatu: mita ni ya chumba au ya nyumba nzima; uniti moja ni shilingi ngapi kama kuna mita ndogo ya ndani; na risiti ya mwisho ya tokeni iko wapi. Gawa pesa zilizo kwenye risiti kwa uniti zilizopatikana. Ukiona mwenye nyumba ananunua uniti kwa bei moja na kukuuzia kwa bei iliyopanda sana, bora ulijue kabla hujahamisha godoro.

Kosa jingine la vyumba vilivyokaa vitupu: Novemba 2024 mita zote za tokeni zilitakiwa kusasishwa. Mita iliyofungiwa chumbani tangu kabla ya hapo hukataa tokeni mpya hata uingize mara kumi. Dawa yake ni seti tatu za tarakimu 20: mbili za kwanza ni za kusasisha na huingizwa kwa mpangilio ule ule zilivyotumwa, ya tatu ndiyo yenye uniti. Kama ulitumiwa seti moja tu na mita inaikataa, usinunue nyingine kwa hasira. Wasiliana na Kenya Power uwape namba ya mita, ambayo ina tarakimu 11.

Maji hufuata umeme

Maji ya bomba ya Malindi hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na pampu za kule huendeshwa kwa umeme. Ndiyo maana tangazo la kukatwa umeme kwa matengenezo, ambalo Kenya Power hulitoa siku kadhaa mbele likitaja maeneo, ni tangazo la maji pia. Mafuriko ya Sabaki vile vile. Ukisikia mvua kubwa bara, mto huo unakuja kwako hata kama kwako ni jua.

Weka madumu matatu ya lita 20 yaliyojaa wakati wote. Lita 60 humtosha mtu mmoja siku tatu akijibana. Maji ya kisima cha mjini, hasa karibu na bahari, yana chumvi. Fulia, oshea sakafu, usiyapikie mbaazi, hayaivishi vizuri. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakutoi chumvi. Kwa maji ya kunywa, yakishatokota kweli kweli dakika moja inatosha huku kwetu pwani. Kuyaacha robo saa ni kuchoma gesi.

Kaskazi, kusi na sahani yako

Kwenye runinga mfumuko wa bei hutangazwa kila mwisho wa mwezi, na asilimia hiyo ni ya nchi nzima. Malindi ina kalenda yake ya zamani kuliko hiyo. Kusi huvuma tangu Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba; bahari huchafuka, vyombo vidogo havivuki mwamba, samaki huwa haba na ghali. Kaskazi huingia karibu Novemba hadi Machi, bahari hutulia, na samaki hurudi kwa wingi.

Kwa hiyo anayepanga pesa za chakula kwa muhula wa Mei kama alivyopanga za Januari atakwama. Kipindi cha kusi geukia mbaazi, kunde, maharagwe, mchicha na ng'onda. Robo kilo ya mbaazi kavu, ukiziloweka usiku kucha na kumwaga maji yake, hupikika kwa gesi kidogo na kumtosha mtu mmoja milo mitatu au minne kwa nusu ya tui la nazi moja. Tui zito litie mwisho, moto mdogo, usiliache likachemka likakatika. Asiye na friji achukue hadhari kwa jodari na nguru: wakikaa juani hujenga sumu ambayo kupika hakuiondoi, na mtu huwashwa mwili mzima na kuumwa kichwa akadhani amerogwa. Samaki hao wanunue wakishuka chomboni, upike siku hiyo hiyo.

Kaskazi ndiyo pia ya watalii. Hoteli hujaa Desemba na kuendelea hadi karibu na Pasaka, kisha nyingine hufunga milango mvua za masika zikiingia. Anayetaka kibarua cha likizo apeleke barua Oktoba au Novemba. Desemba 20 nafasi zimekwisha. Na hapa ndipo habari za Ulaya zinapokuwa habari za nyumbani. Baada ya shambulio la Westgate, Nairobi, mwaka 2013 na mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014, serikali za nje zilitoa maonyo kwa raia wao na utalii wa pwani ukaporomoka. Onyo la namna hiyo likitoka, lisome lenyewe. Huwa limetaja maeneo kwa majina na umbali, na mara nyingi linalosemwa kwenye simu kwamba "wamefunga pwani" si lililoandikwa.

Mswada wa Fedha husomwa kutoka mwisho

Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Kurudi nyuma kutoka hapo: makadirio ya matumizi hufika Bunge la Taifa kabla ya 30 Aprili, Mswada wa Fedha huja kipindi hicho hicho, Mei ni mwezi wa maoni ya wananchi mbele ya Kamati ya Fedha, katikati ya Juni husomwa bajeti, na kufikia 30 Juni kura iwe imepigwa. Mwanafunzi anayeanza kuuzungumzia mswada Juni 20 amefika sokoni wakati wa kufagia.

Pakua mswada kwenye tovuti ya Bunge. Saa moja ya video za kawaida hula mamia ya megabaiti. Faili la mswada ni megabaiti chache tu na utalisoma wiki nzima bila bando. Usianze ukurasa wa kwanza. Vifungu vya mwanzo vimeandikwa kwa namna ya "futa maneno haya, weka haya", na bila sheria inayorekebishwa mkononi hutaelewa kitu. Nenda mwisho kabisa, kwenye maelezo ya madhumuni na sababu. Pale kila kifungu kimeelezwa kwa sentensi moja au mbili. Weka alama kwenye vinavyogusa unga, mkate, mafuta, simu, intaneti na pesa za kutuma, kisha ndipo urudi kwenye kifungu chenyewe.

Jifunze tofauti moja inayowapiga chenga hata watu wazima: bidhaa inayotozwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia sifuri na bidhaa iliyosamehewa VAT si kitu kimoja. Kwa zote mbili mteja haoni kodi kwenye risiti. Lakini mtengenezaji wa bidhaa ya asilimia sifuri hurudishiwa VAT aliyolipa kwenye umeme, mifuko na usafiri; wa bidhaa iliyosamehewa harudishiwi, kwa hiyo huipakia kwenye bei. Mswada ukihamisha bidhaa kutoka jedwali moja kwenda jingine, mbunge anaweza kusimama aseme kwa kinywa kipana kwamba "hatujaongeza kodi", na asiwe amedanganya, na wewe ukalipa zaidi.

Kisha fuatilia tarehe, kwa sababu mswada hubadilika njiani. Mwaka 2024 ulileta VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Tarehe 18 Juni ikatangazwa kwamba pendekezo hilo limeondolewa. Tarehe 25 Juni wabunge wakapitisha uliobaki na waandamanaji wakaingia bungeni. Tarehe 26 Juni Rais Ruto akakataa kuutia sahihi. Orodha ya kodi iliyoandikwa tarehe 10 Juni ilikuwa imechakaa siku nane baadaye. Kila ukitumiwa orodha isiyo na tarehe wala namba ya kifungu, ichukulie kama samaki asiyejulikana amevuliwa lini. Na linganisha mwaka huo na 2023, ambapo mswada ulipita na VAT ya mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16 kuanzia Julai. Hiyo ikaingia katika bei ya kila lita.

Nakuongezea hili kuhusu maandamano, kwa ufupi maana kila mtu ana msimamo wake. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya utulivu wa umma inawataka waandalizi wampe mkuu wa kituo cha polisi notisi, si chini ya siku 3 kabla na si zaidi ya 14. Aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata kama saa hizo zimeishia wakati mahakama imefungwa. Namba ya wakili au ya mzazi iandike kwenye mkono kwa kalamu, simu huzimika au kuchukuliwa.

Basari na mkopo

Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya NG-CDF, hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, ya mwaka 2015 haikubaliani na Katiba, ikaipa hazina hiyo muda hadi 30 Juni 2026. Wengi waliipita habari hiyo kama ya wanasiasa, na ilhali basari za eneo bunge zinatoka humo humo. Fuata mwendo wake mahakamani na bungeni kama unavyofuata matokeo ya mtihani, na usiweke karo yote kwenye kikapu hicho kimoja. Omba ya eneo bunge na ya kaunti kila zinapotangazwa.

Fomu za basari hukataliwa kwa mambo madogo. Jina kwenye kitambulisho lina herufi moja tofauti na la barua ya chuo. Muundo wa karo hauna muhuri. Namba ya usajili imekosewa, na kwa kuwa hundi huandikiwa chuo, si wewe, pesa hufika na kukaa kwenye akaunti bila mwenyewe. Tengeneza bahasha moja yenye nakala tano za kila kitu: kitambulisho chako, cha mzazi au cheti cha kifo, barua ya kukubaliwa, muundo wa karo wa mwaka huu uliopigwa muhuri, matokeo ya muhula uliopita. Tangazo huwa la siku chache, na foleni ya kupiga nakala siku ya mwisho si ya kusimuliwa.

Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, ndogo kuliko ya mikopo mingi utakayoonyeshwa. Ubaya wake uko kwenye kusahau: anayeacha kulipa muda ukifika hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Mkopo wa simu ni kinyume chake, mwepesi kupata na mzito kubeba. Ada ya asilimia 8 kwa siku 30 inasikika ndogo. Ukiukopa tena na tena mwaka mzima umelipa karibu asilimia 96. Wa dharura sawa, wa kununulia bando hapana.

Viungo bandia vya HELB huzagaa mara tu dirisha la maombi linapokaribia. Watu hushauriana waangalie "go.ke" mwishoni, lakini ushauri huo una tundu, kwa kuwa HELB wenyewe hutumia helb.co.ke. Njia ya hakika ni hii: tafuta alama ya mkwaju (/) ya kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma kutoka hapo kurudi kushoto. Kipande kizima kinachoigusa alama hiyo, mfano helb.co.ke, ndicho mwenye nyumba. Kama kipande hicho kina neno geni na "helb" imesogezwa mwanzoni, umepelekwa kwa tapeli. Na hakuna ofisi ya serikali itakayokutaka usambaze ujumbe kwa vikundi kumi kabla ya kukupa mkopo.

Kwa picha na sauti, uliza kata gani na siku gani. Sauti ya mtu anayelia kwamba "huku Malindi mambo yameharibika" bila kutaja mtaa haistahili kusukumwa mbele; mpigie simu mtu anayekaa huko, ni shilingi chache. Picha ya barabarani ikiwa na kituo cha mafuta, kuza ubao wa bei. Bei ya petroli hutangazwa upya kila mwezi, kwa hiyo ubao ule mara nyingi unakuambia picha ni ya lini vizuri zaidi kuliko maneno yaliyo chini yake.

Bunge liko hapa hapa mjini

Wengi hawajui, au wanajua na hawajali: Bunge la Kaunti ya Kilifi halikai Kilifi, linakaa Malindi. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka lifanye vikao vyake hadharani na liwashirikishe wananchi. Chukua kitambulisho, vaa nguo za heshima, uliza langoni siku za kikao, uketi sehemu ya wageni. Mswada wa Fedha wa Kaunti, unaokuja baada ya bajeti ya kaunti kupitishwa, ndio unaopanga ada ya leseni, ya soko na ya maegesho. Mwanafunzi anayeuza viazi karai jioni au mitumba ya kuchagua ana sababu kubwa kuusoma huo kuliko ule wa Nairobi.

Ukitoa maoni, toa kwa maandishi. Ukurasa mmoja unatosha: jina la mswada, namba ya kifungu, kinasemaje, unataka kisemeje, kwa sababu gani na kwa mfano gani wa hapa. Maoni ya mdomo hupeperuka. Leseni ya mradi wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa na Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira tarehe 26 Juni 2019, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jambo kama hilo huthibitishwa kwa barua, orodha za waliohudhuria na tarehe za mikutano.

Na kama jibu halipo, liombe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili. Kuomba ni bure. Utalipia nakala tu. Usiandike "naomba habari za basari", utajibiwa kwa maneno matamu. Andika hivi: "Naomba nakala ya orodha ya vyuo vilivyolipwa basari ya wadi yangu mwaka wa fedha uliopita, kiasi kilicholipwa kila chuo, na tarehe ya kila hundi." Usitake majina na hali za wanafunzi wenzako, hapo watakunyima kwa haki. Chapa nakala mbili, peleka kwa mkono, wakupigie muhuri na tarehe kwenye ile unayobaki nayo. Wana siku 21 za kukujibu. Wakikukatalia, una siku 30 za kulipeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Siku hiyo ya 21 iandike kwenye kalenda ya ukutani, karibu na ile 14 ya mafuta.